Hata Alama Inahitaji Kamba

Prof wetu wa Kifaransa alikuwa na baiskeli asiyojua kuipanda. Miaka miwili mizima tulimwona akifika shuleni akiisukuma, mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo ili mnyororo usiurarue, jasho likimtiririka shingoni kana kwamba ametoka kule mbali Kasaji kwa pedali. Siku moja wingu jeusi lilikuwa limeshafika juu ya paa la kanisa, nasi tukampigia kelele kutoka getini: "Prof, panda! Mvua inakuya!" Akaangalia mbingu, akaangalia baiskeli, akatuangalia sisi. Kisha akasema kwa sauti ya mahubiri: "Baiskeli ni alama ya njia. Na njia haipandwi, batoto yangu. Njia inatembewa."

Tulimpigia makofi. Mvua ilimkuta kwenye kona ya pili, bado anasukuma.

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye matope. Lakini ningekuwa na akili ningeogopa. Mtu anayeweza kugeuza aibu yake kuwa hekima kwa sekunde tatu hashindwi kugeuza kitu chochote cha mtu mwingine.

Koti lake lilikuwa na rangi ya chai iliyopoa. Mfuko wa juu, ambao watu huweka kalamu, yeye aliweka chaki, kwa hiyo upande wa moyo wake ulikuwa mweupe daima. Mfuko wa kushoto ulikuwa wa karanga. Alizimenya kwa mkono mmoja huku akifundisha, na maganda aliyaacha mle mle mfukoni, hivyo akitembea alikuwa anachakarika kama panya kwenye gunia. Kabla ya kusema jambo kubwa alitanguliza "bon, tuseme kweli," na sisi tuliokaa nyuma tulijua chumvi inaongezwa sasa hivi.

Ugonjwa wake ulikuwa alama. Hakuna kitu ambacho kwake kilikuwa kitu tu. Mbuzi aliingia darasani mwetu siku moja katikati ya somo, akasimama mbele ya ubao. Mwalimu mwingine angemfukuza. Prof alinyanyua kidole.

"Nani ameingia?"

"Mbuzi, Prof."

"Muangalie tena. Muangalie na macho ya ndani."

Tukamwangalia na macho ya ndani. Mimi nikainua mkono.

"Ni mbuzi ya prefe, Prof. Iko na kamba ya bluu."

Darasa lilianguka. Prefe ndiye mkuu wetu wa shule, na mbuzi wake walikuwa na adabu mbaya kuliko sisi. Prof hakukasirika. Hiyo ndiyo shida yake iliyofanya nimpende: hakujua kukasirikia mzaha. Walimu wengine walinitoa nje mpaka nikazoea kusomea dirishani. Yeye aliuchukua mzaha wangu, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua jiwe kama lina shaba ndani, akasema: "Mutu mwenye kuchekesha sana, kuko kitu anafunika."

Nami nikajibu, "Nafunika njaa, Prof." Lakini usiku ule maneno yake hayakuniacha.

Sasa kuhusu kitabu alichotufundisha. Kilikuwa riwaya ya roho, ndivyo alivyoiita, nyembamba, bila jalada, iliyopigwa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zikaota ndevu. Inamhusu fundi wa mikeka ambaye asubuhi moja anasikia sauti yake mwenyewe ikimwita kutoka mbali. Anaacha mkeka nusu, anaifuata. Anapita sokoni, anapita msituni, anapita kanisa lisilo na paa, na kila anapofika sauti imeshasogea mbele. Mwishowe anagundua inatoka ndani ya kisima kikavu. Anashusha mguu wa kwanza. Na hapo ukurasa unaisha, na fotokopi zetu zote zinaisha. Kurasa za mwisho zilipotea kabla hata Prof hajakipata. Alituambia hilo kwa furaha, kama mtu anayetangaza likizo: mwisho wa kitabu utaandikwa na kila mmoja wetu.

Lakini kwanza aliuliza: "Kile kisima ni nini?"

Nawaomba mkumbuke tuko Kolwezi. Nusu ya darasa letu tunatoka Kasulo, mahali ambapo watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni, jikoni, chumba cha kulala. Ukituuliza sisi habari za mtu anayeshuka shimoni, usitegemee tuzungumze habari za roho.

"Prof, urefu mita ngapi?" aliuliza jirani yangu wa dawati, ambaye tulimwita Mashine kwa sababu alikoroma hata akiwa macho.

"Urefu haina maana. Ni kisima ya ndani."

"Udongo ni ya rangi gani?" aliuliza msichana mmoja wa mbele. "Kama ni ile nyekundu ya kulegea, ule mutu ashafariki."

"Alishuka na mshumaa?" Mashine tena. "Maana mshumaa ukizima kule chini, ujue hewa imeisha. Atoke mbio."

"Ni ALAMA!" Prof alipiga ubao mpaka chaki ikakatika. "Anashuka mu roho yake! Anatafuta nafsi!"

"Ndiyo, Prof," nilisema mimi. "Mais hata alama inahitaji kamba. Na juu alibaki nani?"

Walicheka. Prof hakucheka. Aliokota kipande cha chaki, akaandika swali langu ubaoni kwa herufi kubwa: NANI ALIBAKI JUU? Akarudi nyuma hatua mbili akalitazama. Akasema amefundisha kitabu hiki miaka mingi, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kumuuliza hivyo. Niliinama kusalimia watu kama mwanamuziki. Swali lile, hata hivyo, sikulitoa hewani.

Baada ya kengele alinizuia mlangoni.

"Weye unajua mutu mwenye kubaki juu."

"Mi? Hapana, Prof. Nilikuwa nachekesha tu."

"Ndiyo ile nasema." Akatoa kwenye mkoba wake daftari jipya, kaye ya kurasa mia, akanipa. "Andika mwisho ya kitabu. Ya kweli. Andika kama vile unaungama. Mi niko sikio tu. Hakuna mutu atasoma."

Sijui kama kuna mtu amewahi kuwapa ninyi sikio. Kwetu nyumbani tunazungumza wote kwa mpigo, na anayesikiliza ni redio. Prof akisikiliza, mkono ulisimama mfukoni na karanga zilinyamaza. Nilichukua ile kaye, na kwa wiki tatu niliandika.

Niliandika kwamba nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shimo letu lilikuwa chini ya kitanda cha wazazi. Baba na Yaya, kaka yangu mkubwa, walilichimba kwa mwaka mzima. Kamba ilipokuwa fupi, mama alipasua kitenge chake, kikwembe chenye picha za kuku wa kijani, akakisuka, akaiunganisha. Baba akiwa kazini Yaya alishuka peke yake, mimi nikabaki juu kushika kamba. Lugha yetu ilikuwa rahisi. Yaya akivuta mara moja: gunia limejaa. Akivuta mara mbili: shusha mkono unisaidie kutoka. Na mimi nikitikisa mara tatu kutoka juu: polisi wanapita, panda haraka. Kuchimba ndani ya nyumba kulikuwa kumekatazwa wakati ule.

Mara mbili nilitoa ile ishara ya polisi bure, ili tu nimwone Yaya akichomoza kama fuko, macho yote nje, vumbi mpaka kwenye ulimi. Mara ya tatu alipanda kwa haraka zaidi. Vishimo vya kukanyagia kwenye ukuta wa shimo vilikuwa na unyevu. Alianguka. Nyonga na mguu vilivunjika, na mguu haukurudi sawa tena.

Watu walipojaa chumbani, nilisema polisi walipita. Wote waliamini. Yaya mwenyewe, akiwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kuwa machela, alinishika mkono akasema, "Asante, mudogo. Ungeliniacha, bangelinikamata."

Tangu siku ile, popote tulipo, ananitambulisha hivi: "Huyu njo mudogo yangu. Huyu aliniokoaka." Nami naitika. Miaka sita naitika.

Hayo ndiyo niliyoyaandika. Nilimkabidhi Prof kaye mikononi mwake, naye aliirudisha baada ya siku mbili bila alama yoyote ya kalamu nyekundu. Aliweka mkono kichwani kwangu tu. Nilienda nyumbani nikihisi mwepesi, nikala sahani mbili.

Baada ya hapo alianza kuja kwetu. Alisema anataka kuona Kasulo. Mama alimkaribisha kama askofu: ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Lualaba aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya sikukuu. Alikula, akasifu, akauliza. Yaya iko wapi siku hizi? Iko Fungurume, anatengeneza simu, iko na meza yake kando ya barabara ya malori. Na shimo liko wapi? Mama alicheka, akamwonyesha: kitanda kikasogezwa, chini yake saruji. Prof alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni. Mimi na mama tuliangaliana, tukajizuia. Alikuja mara tatu. Mama akawa anawaambia majirani, "Ule Prof? Anakulaka kwangu."

Lazima niseme pia mambo yake yaliyokuwa hayapatani, kwa sababu sikuyaona wakati ule, au niliyaona nikayafanyia mzaha. Alitufundisha kwamba anayetafuta nafsi lazima apende upweke, lakini yeye hakuweza kukaa hata saa nzima peke yake. Jioni alizunguka nyumba za wanafunzi akitafuta mazungumzo kama mwenye kutafuta moto wa kuwashia jiko. Alisema nafsi lazima ife, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitu alichoandika alitia jina lake na vyeo vyote, mpaka cha katibu msaidizi wa kwaya. Na jambo kubwa zaidi: mtu yule aliyetuamuru wote tushuke ndani yetu, hatukuwahi kusikia habari moja iliyomtokea yeye. Mashine alimuuliza siku moja, "Na weye, Prof, kisima yako iko wapi?" Alimenya karanga tano mfululizo kabla ya kujibu kwamba mwalimu ni daraja, na daraja halisafiri.

Tulidhani ni unyenyekevu. Sasa nadhani alichungulia ndani akakuta patupu, akaanza kuangalia chini ya vitanda vya watu.

Kwamba alikuwa anaandika riwaya yake mwenyewe, tulijua. Alitangaza kwamba atasoma sehemu yake Jumapili mchana kwenye ukumbi wa parokia, na kila mwanafunzi alete mzazi. Baba siku hizi ni mlinzi wa ghala, Jumapili kwake ni siku ya kazi. Nikamleta mama. Alivaa kikwembe kipya na kitambaa kichwani, akakaa mstari wa pili, akawasalimia watu kwa kichwa kama mwenye nyumba.

Prof alikuwa amefunga tai ya kuazima. Alikohoa, akasema, "Bon, tuseme kweli," akaanza kusoma.

"Chini ya kitanda cha wazazi palikuwa na mlango wa ulimwengu mwingine. Kaka mkubwa alishuka kama mbegu. Kaka mdogo alibaki juu kama jua…"

Nilidhani masikio yangu yana homa. Aliendelea. Kamba ilikuwa kitovu kinachounganisha nafsi mbili. Na kitovu hicho kilikuwa kimeunganishwa kwa kikwembe cha mama, chenye kuku wa kijani wasiotaga.

Mama aligeuza shingo kidogo. Hakuniangalia. Aliangalia mikono yake.

Na jua likatikisa kamba mara tatu kwa mchezo, akasoma Prof, bila polisi, bila hatari, kwa mchezo tu. Na mbegu ikaanguka. Ikafa. Na katika kifo hicho kaka mdogo akakutana na nafsi yake kwa mara ya kwanza.

Alipofika hapo aliinua macho akanitafuta kati ya watu, akatabasamu. Sitasahau tabasamu lile. Lilikuwa la mtu anayekupa zawadi.

Ukumbi ulipiga makofi. Mama pia alipiga, polepole, kwa sababu ni mtu wa adabu.

Njiani mama alitembea mbele yangu. Nyumbani alivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakaa ukingoni mwa kile kitanda.

"Bale polisi," alisema. "Balipita ao habakupita?"

"Mama…"

"Sikuuliza mama. Mama ni mi. Nauliza polisi."

"Habakupita."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Mama alisikiliza mpaka wakamaliza.

"Miaka sita mutoto yangu anachechemea na anakushukuru."

"Njo vile, mama."

"Na mi naenda kusikia mambo ya nyumba yangu ku parokia, kwa kinywa ya mutu nilimupikia samaki." Akapangusa kitu ambacho hakikuwepo gotini. "Utaenda Fungurume. Utamuambia Yaya yako na kinywa yako mwenyewe, kabla ile kitabu haijamufikia. Mi sitasema. Nikisema mi, utakuwa bado umejificha nyuma ya mutu."

Jumatatu nilimngoja Prof chini ya ukingo wa paa la darasa. Alifika akisukuma baiskeli, uso unang'aa.

"Ulisikia vile balipiga makofi?"

"Prof, ulisema ni kitubio."

"Nilisema *kama* kitubio. Kama, petit, mutoto yangu. Tumefanya tashibihi mwezi muzima."

Yeye akaendelea kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

"Sikutaja jina yako."

"Ulitaja bakuku."

"Kuku ni alama ya…"

"Kuku ni ya kikwembe ya mama yangu!"

"Sikiliza. Hawakukuona weye. Baliona mwanadamu. Nimekutoa mu Kasulo, nimekutia mu milele. Unajua ni batu wangapi banalilia nafasi ile?"

"Mi sikulilia. Nilikupa usome."

"Na kusoma ni nini, basi?"

"Na sababu ya nini ulimuua Yaya?"

Akanyanyua kidole, kile cha mbuzi. "Mu riwaya ya roho, mudogo hawezi kujipata kama mukubwa hajafa. Ni sheria."

"Yaya iko na kilo makumi munane, Prof. Wiki ilipita alinitumia picha iko anakula."

Alicheka. Alicheka kwa furaha ya kweli, akatoa kalamu ya bic mfukoni, akafungua daftari lake dogo, akaandika. Mbele ya macho yangu. Aliandika kilo za Yaya.

Nilielewa kitu hapo, na bado kinauma kuliko ukumbi wa parokia. Siku zote zile karanga zilipokuwa zinanyamaza, mimi nilidhani ni kwa sababu yangu. Kumbe alikuwa anahifadhi.

Sasa mtasema nilikimbia Fungurume kesho yake. Hapana. Mimi ni shujaa wa mizaha tu. Wiki ya kwanza nilisema nina mtihani. Wiki ya pili nilisema barabara imeharibika, na mama akajibu kwamba malori mia yanapita kila siku, labda yana mabawa. Usiku nilifanya mazoezi ya namna ya kuanza. Kila mwanzo uligeuka kichekesho kabla sijafika katikati. Wiki ya tatu Mashine aliniambia Prof ameomba ruhusa kazini, anazunguka kutafuta "sauti ya chini" kwa ajili ya kitabu chake. Sikuelewa. Lakini baadaye nikakumbuka nani alikuwa chini, na Jumamosi asubuhi nilipanda gari.

Meza ya Yaya iko kando ya barabara kubwa, chini ya mwavuli mwekundu uliofifia, na malori ya mgodini hupita karibu mpaka vifuniko vya simu vinacheza mezani. Nilimwona Yaya kwanza, mguu wake umenyooshwa kwenye kopo la rangi kama kawaida. Kisha nikaona, kwenye benchi la wateja, koti la rangi ya chai.

"Eh, mudogo!" Yaya hakutabasamu kama siku zote. "Prof yako iko hapa tangu asubuhi. Ananiuliza kule chini nilikuwa nawaza nini."

Nilimgeukia Prof. Daftari lilikuwa wazi gotini mwake.

"Umemuambia?"

"Bon, tuseme kweli." Aliangalia barabara. "Nilifikiri anajua. Miaka sita! Nilifikiri mulishazungumza ninyi bawili. Mi nilikuwa nakosa tu upande ya chini. Nina yule wa juu, sina yule wa chini. Kitabu kinachechemea."

Sidhani alisikia neno alilolichagua. Yaya alilisikia.

"Aliniambia kuko kitabu," Yaya alisema, bisibisi mkononi, simu ya mtu imefunguliwa mbele yake. "Kuko mutoto juu, anacheza na kamba. Nikamuambia, hapana Prof, mudogo yangu ni mutu wa michezo, mais si vile. Ile siku polisi balipita, nikamuambia. Yeye njo aliniokoa." Akapuliza vumbi ndani ya simu. "Nikaona Prof ananyamaza. Ananyamaza sana, kwa mutu wa kusema."

Kumbe alinitetea. Nikiwa ndani ya gari, nikitafuta mwanzo wa kuchekesha, kaka yangu alikuwa ananitetea.

Prof alinishika bega. "Petit, sasa iko nje. Hii njo saa yako. Sema, na…" Mkono wa pili ulikuwa unatafuta bic.

"Prof," Yaya alisema bila kuinua macho, "kuko kiu. Ngambo pale banauzisha maji ya mufuko. Utuletee tatu."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kumtuma Prof dukani. Alibaki nusu amesimama, akatuangalia mmoja baada ya mwingine. Daftari alilichukua. Alingoja lori lipite, akavuka.

"Ya ule nimesikia," Yaya alisema. "Ya weye bado."

Niliikalia nafasi ya Prof kwenye benchi, bado ina joto lake. Mzaha ulinijia mdomoni, mzuri kabisa. Niliumeza. Nikasema polisi hawakupita. Nikasema ni mimi, na ilikuwa mchezo, na nimeitika asante yake miaka yote hii. Sikutia jua wala mbegu.

Yaya alifunga skrubu moja, akaifungua tena.

"Ya kwanza na ya pili, nilijua ni weye. Kule chini sauti inashuka. Nilikuwa nakusikia unacheka. Nilikuwa napanda tu ili ufurahi." Akaiweka bisibisi chini. "Ya tatu sikusikia kicheko. Njo niliamini."

Hilo sikuwa nimeliandika kwenye kaye. Nililizunguka kurasa mia, sikulitia. Prof hana hilo.

"Nilijiziba kinywa," nilisema. "Na mikono yote mbili. Ili ufikiri ni ya kweli."

Lori lilipita, na lingine, na lingine. Yaya alikuwa anaangalia mikono yangu, si uso. Sikujua niiweke wapi. Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe. Alisukuma kidogo lile kopo la rangi kwa kisigino, mguu wake ukasogea, na upande wa pili wa meza ukabaki wazi. Akasema, "Nishikie ile taa, sioni muzuri." Nikaishika.

Vumbi liliposhuka tulimwona Prof ng'ambo ya barabara, mifuko mitatu ya maji mikononi, daftari kwapani. Alikuwa ameshalipa, njia ilikuwa wazi, na hakuvuka. Alisimama ukingoni akinyoosha shingo upande wetu, akijaribu kusoma midomo. Aliinua maji juu kidogo, kama mtu anayeuliza aje au abaki.

Yaya alimwangalia. Mimi pia. Kisha Yaya akarudi kwenye skrubu zake, na mimi nikaisogeza taa karibu.

Hakuna aliyemwita.